Taa Niliyoifunika kwa Tepu

Kwa miezi miwili niliendesha gari huku kipande cha tepu nyeusi ya umeme kikiwa kimebandikwa kwenye dashibodi. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole gumba, na nilikikata vizuri hata abiria asingekigundua. Chini yake ilikuwa inawaka taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini, ile tunayoiita chekiinjini. Najua si mimi peke yangu. Nimeshaona tepu kama hiyo kwenye magari mengine mawili pale soko la Mwaloni, Mwanza, nikanyamaza kwa aibu ya mtu anayejua.

Mimi nauza dagaa. Mzigo unashuka Mwaloni, Kirumba, kutoka visiwani, nami napeleka magunia kwa wateja wangu wa Sengerema na Geita kwa Toyota Probox ya mwaka 2005. Taa iliwaka nikiwa katikati ya daraja la Kigongo–Busisi, miezi michache baada ya kufunguliwa Juni 2025. Zamani pale tulipanga foleni ya kivuko hadi uvumilivu ukaisha, na siku lilipofunguliwa nilishangilia kama wengine. Lakini asubuhi ile nilikitamani kivuko. Kivukoni ulikuwa unazima gari, unashuka, unauliza watu. Darajani una kilomita 3 za lami, maji kulia na kushoto, na kitaa kinachokukodolea macho. Nikapunguza mwendo, nikatega sikio. Gari lilikuwa linatembea kama kawaida, ila likisimama lilitetemeka kidogo. Nikafika Geita, nikauza, nikarudi.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake, akaitazama sekunde chache, akasema, "Mama, sensa ya oksijeni imekufa." Shilingi 120,000 pamoja na ufundi. Taa ikazimika. Siku ya tatu ikarudi. Akaniambia ile spea ilikuwa feki, tuweke iliyotumika kutoka Japani. Nikatoa 80,000 nyingine. Taa ikazimika, na siku ya tatu ikarudi. Fundi wa pili, gereji nyingine kabisa, hakupima chochote. Alisema masega ya kwenye ekzosi yameziba, dawa yake ni kuyatoa, na kwa kunisaidia angeyanunua yeye mwenyewe.

Hapo nikashtuka. Nimekaa sokoni miaka mingi. Mtu akikuambia mzigo wako umeoza, halafu yeye huyohuyo anataka kuununua, mtazame mara mbili. Sikumpa masega. Ila sikuwa na akili nyingine, nikanunua tepu.

Aliyeniumbua ni mtoto wa mdogo wangu, anayesomea ufundi wa magari. Alikuja nyumbani Jumapili, akaomba gari akanunue vocha, akarudi na ile tepu ikiwa imenata kwenye kidole chake. "Mama mkubwa, shikamoo tena. Hii ni nini?" Nikamweleza yote, pamoja na zile laki mbili. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Aliuliza swali moja tu: "Mashine iliandika kodi gani?"

Kwangu mfanyabiashara, kodi ni TRA. Kumbe kompyuta ya gari ikiona jambo lisilo la kawaida huandika herufi moja na tarakimu nne, na hizo ndizo kodi. Mafundi wawili walikuwa wamelishika gari langu na hakuna aliyeniambia hata tarakimu moja. Nami sikuuliza.

Tulinunua kidude cha kusomea kodi kwa 35,000 mjini, kinachoongea na simu kwa bluetooth. Kinaingia kwenye tundu lenye matundu madogo 16 chini ya usukani. Marekani iliulazimisha mfumo huo kwa magari madogo yote mapya kuanzia mwaka 1996, na kwa kuwa watengenezaji wanauza dunia nzima, tundu hilo leo lipo hata kwenye gari la kubebea dagaa Mwanza. Muuzaji aliapa kwamba kinasoma gari lolote. Kilikataa. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe yana namna yake ya kuitikia salamu. Kijana akahangaika na mipangilio ya programu karibu saa nzima, mpaka likaitika. Ikatokea P0171.

Maana yake: hewa ni nyingi mno kulinganisha na petroli. Basi. Haisemi sensa imekufa.

Sehemu hii ndiyo iliyonibadilisha, kwa hiyo naomba niieleze polepole. Sensa ya oksijeni imekaa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia kompyuta kama oksijeni iliyobaki ni nyingi au kidogo. Kompyuta ikisikia "hewa ni nyingi", inaongeza petroli. Ikiendelea kusikia hivyo, inaongeza tena, hadi inafika kiwango ambacho yenyewe inaona haiwezekani, ndipo inawasha taa. Na haiwashi kwa kosa la mara moja. Kodi ya aina hii inasubiri irudie kwenye safari mbili mfululizo. Kwa hiyo kila nilipofutiwa kodi taa ilizimika, nikashangilia, na siku ya tatu ikarudi. Sensa yangu ilikuwa inasema kweli. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mimi nilimuua mara mbili, kwa shilingi 200,000.

Programu ya simu ilituonyesha hata kiasi cha petroli kinachoongezwa. Kawaida namba hiyo iwe karibu na sifuri. Juu au chini kidogo si neno. Yangu, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, ilikuwa asilimia 27. Nilipokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 ikashuka hadi 7. Kijana akatabasamu kama mtu aliyeona nyavu zimejaa. Kama hewa inavujia ndani baada ya kupita sensa inayoipima, alisema, uvujaji huo utaonekana zaidi injini ikiwa inavuta hewa kidogo. Ukikanyaga, injini inameza hewa nyingi, na ile ya wizi inakuwa tone baharini.

Tukaanza na chujio la hewa, kwa kuwa ni rahisi. Mtu wa hapa anaweza kubahatisha tulichokuta: wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi wa nyasi zinazoungua, walikuwa wamelala humo tabaka kwa tabaka. Tukabadilisha. Lilistahili kubadilishwa, ila namba haikuondoka.

Basi nikavua kanga kiunoni, maana mkanda wa injini hauna huruma na nguo, nikachukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Upande mmoja sikioni, upande wa pili naupitisha kila mahali penye bomba, injini ikiwa inaunguruma. Kwa dakika kumi nilisikia kelele tu. Kisha, chini kabisa, pale mkono unapoingia kwa kujipinda, nikasikia ssss, kama chai inayokaribia kuchemka. Kijana akamulika kwa simu. Mpira mwembamba unaopeleka hewa chafu kutoka juu ya injini kwenda kwenye manifoldi ulikuwa na tundu, na pembeni ya tundu alama za meno.

Panya. Gari linalobeba dagaa, linalala uani likinuka dagaa, panya afanye nini?

Kijana akaziba tundu kwa kidole. Mtetemeko ukakoma palepale, na kwenye simu namba ikaanza kushuka: 24, 19, 12. Laki mbili zangu zilikuwa chini ya ncha ya kidole.

Mpira mpya, wa kustahimili oili na si wa maji, pamoja na klipu mbili, ulikuwa shilingi 6,000 dukani Nyakato. Nikataka tufute kodi, akakataa. "Tuiache, mama mkubwa. Kama tumepona itazimika yenyewe." Safari ya kwanza nilikwenda Igoma, ikabaki. Ya pili Buhongwa, ikabaki. Ya tatu, nikirudi kutoka Usagara, niliwasha gari na haikuwapo.

Sijawa fundi, na kuna mambo siyagusi. Taa ikipepesa badala ya kuwaka tuli, injini inamisi vibaya na petroli mbichi inaunguza masega, hapo napaki. Taa nyekundu ya oili au ya joto, nazima gari hapohapo. Lakini mwezi uliofuata gari lilipoanza kumisi na kidude kikaandika P0301, yaani silinda ya kwanza, nilihamisha koili ya silinda hiyo nikaiweka ya tatu. Kodi ikageuka P0303. Koili ndiyo mbovu, na haikuhitaji mjadala.

Niliipeleka kwa fundi wa tatu, mzee mmoja wa Kisukuma anayenipokea kwa "Mwangaluka, mayu". Nikamwambia nilichofanya. Akanitazama, akaendelea kufuta mikono kwa tambara, akasema, "Basi nunua koili tu, tusipoteze muda." Hakunidai ya kupima.

Zile sensa mbili zilizotolewa sikurudishiwa, na wakati ule sikujua kwamba ni za kudai. Siku hizi spea yoyote ikibadilishwa, ya zamani narudi nayo nyumbani.