Umekatikia Wapi?

Zamani si nyingi, mtu wa Mpwapwa akisema mtandao hakuna, alikuwa anausemea mji mzima. Ukikatika kwake, umekatika sokoni, kwa wakala wa fedha na benki. Hakuna aliyehangaika kuinama chini ya meza kukagua waya. Ulitoka nje ukamwuliza jirani ng'ambo ya ua wa minyaa, "Kwenu upo?" Akisema haupo, mliachana na habari hiyo mkazungumza ya mvua. Siku hizi mtandao unaweza kukatika kwenye kompyuta moja tu chumbani, na huku sebuleni mtoto anatazama video kwenye simu bila kukwama. Tatizo lililokuwa la wote limekuwa la mtu mmoja mmoja, na namna ya kutafuta chanzo chake imebidi ibadilike.

Kompyuta zenyewe zilichelewa kutufikia. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na athari za katazo hilo zilidumu miaka mingi. Walimu wa rika langu tulizikuta ofisini tukiwa watu wazima, na kazi yake ilikuwa kuchapa mitihani na barua. Intaneti tuliifuata Dodoma mjini. Ulipanda basi alfajiri, ukaingia kwenye kafe ya intaneti, ukalipia muda, kisha ukasubiri ukurasa ufunguke kipande kwa kipande. Nchi ilikuwa inategemea setilaiti, na bei yake haikuwa ya mtu wa mshahara. Mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010, ndipo mambo yakaanza kulegea. Mkongo wa Taifa ukayaleta mawasiliano bara, na minara ya simu ikayamalizia hewani.

Kwangu mawasiliano yaliingia kwa modemu ya USB. Kompyuta ilikuwa ya mezani, mtumba wa Kariakoo, monita yake ya kichogo. Modemu ilikuwa na taa moja ndogo, na tulijifunza kuisoma taa ile kabla ya kujifunza kitu kingine chochote. Ikipepesa kijani, umeshika 2G, na barua pepe yenye kiambatisho usijaribu kuituma. Ikigeuka bluu, umepata 3G, fanya haraka. Modemu haikukaa mgongoni mwa sipiyu. Ilining'inia dirishani kwenye waya wa kurefushia, kwa sababu kuta zetu ni nene, za tofali za kuchoma, na milima ya Kiboriani inaukinga mji upande mmoja. Kila mwenye modemu alikuwa na dirisha lake analoliamini. Wenye modemu zilizochakachuliwa, zinazokubali laini ya kampuni yoyote, walikuwa na ahueni ya ziada: laini moja ikilala, walichomeka nyingine.

Mtandao ulikatika mara nyingi, na sababu zilikuwa mbali nasi. Ya kwanza ilikuwa umeme. Mnara una betri, na minara mingi ya bara ilikuwa na jenereta, lakini umeme ukikosekana saa nyingi na mafuta yakachelewa, mnara unazima na eneo lake lote linanyamaza. Mwaka 2011, maji yalipopungua kwenye mabwawa, likiwemo Mtera kule kusini magharibi mwetu lenye mitambo ya megawati 80, mgawo wa umeme ulitufundisha kupanga kazi kwa kubahatisha. Sababu ya pili ilikuwa wingi wa watumiaji. 3G ina tabia hii: watu wakizidi kwenye mnara, eneo ambalo mnara unalifikia vizuri husinyaa, na walio pembezoni huachwa kwanza. Ndiyo maana saa mbili usiku, wanachuo wa ualimu wakiwa wote kwenye simu zao, taa yangu ilirudi kijani, na saa kumi alfajiri ikawa bluu tena. Matokeo ya wanafunzi niliyatuma alfajiri. Sikumwita fundi, kwa sababu hapakuwa na cha kutengeneza.

Hali ile ilikuwa na raha yake. Hakuna aliyelaumiwa nyumbani, wala hakuna aliyejiona mjinga. Lakini pia ilitulemaza. Tulizoea kwamba mtandao ukisumbua jibu ni kusubiri, na mazoea hayo tuliendelea nayo hata baada ya mambo kubadilika.

Yalibadilika taratibu. Halotel ilianza huduma Oktoba 2015 ikiwa na minara iliyoingia hadi vijijini, na kampuni nyingine nazo zikaongeza yake, 4G ikafika. Simu ya mkononi ikawa na uwezo wa kugawa intaneti kwa kompyuta, kisha ruta ndogo ya laini ikakaa juu ya kabati, na modemu ikaingia kwenye droo. Njia ya mawasiliano iliyokuwa na hatua moja ndani ya nyumba sasa ikawa na hatua kadhaa: kompyuta, kidude chake cha waifai, ruta, laini iliyomo ndani ya ruta, na bando lililomo kwenye laini. Kila hatua ina namna yake ya kugoma, na yoyote ikigoma, kwenye skrini unaona alama ileile.

Mafundi wa mjini walikuwa na dawa moja ya magonjwa yote: kupiga Windows upya. Unapeleka sipiyu, unalipa, unarudishiwa mashine safi isiyo na mafaili yako, na baada ya siku mbili mtandao unakatika vilevile. Wengine walinunua laini mpya. Wengine walinunua bando juu ya bando, kumbe mashine inajisasisha yenyewe kimyakimya na kulimaliza kabla ya jioni. Mtu wa namna hiyo, aliyehitaji tu kuiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, mpangilio uliomo kwenye Windows tangu toleo la 8, aliishia kuilaani kampuni ya simu.

Kompyuta yangu ya sasa ilipoanza kupoteza mtandao, ilikuwa ni msimu wa mitihani ya majaribio. Inashika, inafanya kazi vizuri, ghafla inaachia. Baada ya muda inarudi yenyewe. Nilimwita kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa ana duka la vifaa vya maandishi karibu na stendi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Njoo uone huyu mgonjwa."

"Ikikatika hapa, simu iliyoshika ruta hiihii nayo inakatika?"

"Simu haina neno."

"Basi mnara hauna kosa, laini haina kosa, bando lipo, na ruta nayo tuiache. Tatizo liko kati ya ruta na meza hii."

Swali lile moja lilifuta nusu ya safari. Hakufungua kasha wala hakutaja kupiga Windows. Alikaa akasubiri ikatike. Ilipokatika alitazama anwani ya mashine, akaikuta inaanza na 169.254. Anwani hiyo kompyuta hujipachika yenyewe inapoomba anwani kwa ruta na isijibiwe. Kwa hiyo mashine ilikuwa inaita na haisikiki. Iliporudi, aliipigia ruta kwa amri ya ping, majibu yakaja. Akaipigia 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google huko nje, ikajibu. Akajaribu jina la tovuti, likafunguka. Hatua zote zilikuwa nzima isipokuwa ile ya kwanza kabisa, ya kidude cha waifai.

Aliondoa kwanza ruhusa ya kompyuta kukizima kidude hicho ili kuokoa umeme, ruhusa ambayo mara nyingi huwa imewekwa tangu dukani. Mikato ikapungua, lakini haikuisha. Tukaendelea na kazi, na hapo ndipo jambo likajionyesha: kila nilipochomeka eksteno, ile diski ya nje, kunakili mitihani, mtandao uliachia, nilipoichomoa, ukarudi. Kidude cha waifai na eksteno vilikuwa vimekaa kwenye matundu mawili ya bluu yaliyopakana, nyuma ya sipiyu. Matundu ya bluu kwa kawaida ni ya USB 3, na data inapopita humo kwa kasi hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya waifai ya kidude changu. Intel walishalieleza jambo hili mwaka 2012. Kijana alifungua droo, akautoa waya wa kurefushia wa enzi za modemu, akakitoa kidude nyuma ya chuma na kukiweka mezani, mbali na eksteno. Kunakili kukaendelea na mtandao ukatulia.

Hapa Mpwapwa tungepaswa kuwa wepesi wa kuelewa mambo ya namna hii. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji. Hapa watu walipumzika, wakajaza maji, kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji iliyoko mbele ya Chunyu. Msafara ulipochelewa, swali la maana lilikuwa ulionekana mara ya mwisho kambi gani. Intaneti nayo inakwenda kwa vituo, na kituo cha mwisho kilichojibu ndicho kinachokuonyesha pa kuanzia.

Kutazama ndani hakujaondoa haja ya kuuliza nje. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu baharini upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi za jirani. Siku hiyo ruta ilijibu ping bila tatizo, taa zake zote zikiwaka. Nilitoka uani, nikakuta majirani nao wametoka wakiulizana. Aliyekuwa ameshaanza kufungua kompyuta yake kwa bisibisi aliambiwa airudishie.

Kwa hiyo nimebaki na utaratibu ambao wanafunzi wangu wanaujua kwa moyo. Uliza kwanza kama kifaa kingine kilichoshika ruta hiyohiyo kinapata. Kikipata, tafuta kwenye kompyuta. Kisipopata, angalia ruta. Oktoba ruta iliyokaa karibu na bati lisilo na dari hupata joto hadi inajizima, na kuishusha chini ni matengenezo tosha. Ruta ikiwa salama, angalia bando, halafu kamwulize jirani. Andika ilikatika saa ngapi na ulikuwa unafanya nini, maana mkato wenye saa maalumu una sababu maalumu.

Faida yake imeonekana mfukoni na kwenye simu. Ukiwapigia huduma kwa wateja ukasema mtandao unasumbua, utaambiwa zima, subiri, washa, na mazungumzo yameishia hapo. Ukiwaambia ruta inajibu, laini ina bando, na nyumba za jirani zenye laini hiyohiyo zimekwama tangu saa tatu, watakuuliza uko kata gani na watafungua taarifa. Anayejua umekatikia wapi anajua amdai nani. Asiyejua humlipa kila fundi anayepita.