Miche Kumi na Mmoja



Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Mombasa. Kila wiki husoma visa vya wenzangu katika kurasa hizi, na leo nimeona nilete changu. Si kisa cha kujisifu. Ni kisa cha uongo mdogo nilioutuma kwa simu, na namna tope la bahari lilivyonilazimisha kuukiri.

Mwaka juzi, sisi wa chama cha mazingira shuleni tulipelekwa kando ya hori ya Tudor kupanda mikoko. Tulikuwa wasichana 20, na kila mmoja alipewa miche mitatu. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulikunja mabuibui, tukavua viatu, tukazama topeni hadi magotini huku tukicheka. Kabla ya adhuhuri miche 60 ilikuwa imesimama katika safu zilizonyooka, nasi tukapigwa picha. Jioni ile niliituma picha kwenye kundi la familia na kuandika chini yake: "Leo tumepanda msitu."

Kundi hilo lina jamaa wa Mombasa na wa Lamu, pamoja na Baba, ambaye ni dereva Maskati na huja nyumbani mara moja kila miaka miwili. Sifa na dua zilimiminika usiku kucha. Baba alituma sauti akasema kuwa ameiweka picha ile kwenye uso wa simu yake, na kwamba huwaonyesha wenzake anaolala nao chumba kimoja.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya sala, aliniuliza, "Miti yako yaendeleaje, mwanangu?" Nami nilimjibu, "Vizuri, Baba, alhamdulillahi." Sikuwa nimerudi pale hata siku moja. Lakini nilikuwa na picha nyingi za siku ile, nikawa namtumia moja moja kana kwamba ni mpya. Miezi saba ilipita hivyo.

Bibi yangu hatumii simu ya kisasa. Amezaliwa Lamu, na marehemu Babu alikuwa baharia katika majahazi yaliyopeleka boriti Uarabuni, kabla ya serikali kupiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982. Ijumaa moja alinisikia nikimjibu Baba. Alingoja nikate simu, kisha akauliza neno moja tu:

"Imeshika?"

"Nafikiri, Bibi."

"Sikukuuliza wafikiri nini. Nimekuuliza umeona nini."

Jumamosi yake tulikwenda pamoja. Bibi alikaa kivulini juu ya ukingo, nami nikashuka topeni kuhesabu. Niliyoikuta hai ni miche 11. Mingine ilikuwa imeng'olewa na mawimbi, mingine imesimama mikavu kama vijiti, na mingine imevikwa mifuko na matambara yaliyoletwa na maji. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, lakini uchafu wetu mwingine bado hupita kwenye mitaro na kuishia horini. Nilivuta mche mmoja mkavu katika ile mitatu yangu, ukatoka mzima mzima. Mizizi ilikuwa imejikunja ndani ya kifuko cha kitaluni. Nilikuwa nimeupanda bila hata kuuvua kifuko chake.

Nilimpelekea Bibi mche ule. Aliugeuza mikononi mwake, hakunikaripia. Akanionyesha kwa kidole: mlilana ndio unaosimama mbele kabisa na kupokea mawimbi, mkoko hukaa nyuma yake, mkandaa hupanda juu zaidi, penye tope lililokauka kidogo. Sisi tuliupanda mkoko mahali pa mlilana, kwa sababu pale ndipo picha ilipotokea nzuri, bahari ikiwa nyuma yetu.

Njiani kurudi alinisimulia habari za barua. Babu alikuwa akimwandikia kutoka Uarabuni kwa herufi za Kiarabu, na barua zikija na majahazi ya kaskazi. Ikifika, ilikuwa na umri wa wiki au miezi. "Hakuwa akiandika jambo asilolijua kwa hakika," alisema Bibi. "Akikosea, kulitengeneza kungoje musimu mwingine."

Maneno hayo hayakuniacha nilale. Babu alichunga neno lake kwa sababu hakuweza kulirudisha upesi. Mimi niliweza kulirudisha langu kwa sekunde moja, nikakaa nalo miezi saba. Upungufu haukuwa wa simu.

Usiku ule nilirekodi sauti, nikaifuta mara nne, na mara ya tano nikaituma. Nilimwambia Baba kuwa miti si 60, ni 11. Kwamba zile picha zote zilikuwa za siku moja. Na kwamba namwomba radhi. Niliona kuwa ameisikia. Hakujibu siku ile, wala ya pili. Nilidhani nimemvunja moyo, na sikuweza kula wala kusoma.

Siku ya tatu alinipigia, akataka Mama naye awe karibu. Alisema, "Sikunyamaza kwa hasira. Nilinyamaza kwa kuwa nami nina langu. Kila wiki nawaambieni kazi i sawa. Huu ni mwezi wa tatu sijalipwa mshahara. Hizo nilizowatumia nilikopa kwa wenzangu."

Mama alilia, kisha akapangusa machozi na kuchukua daftari. Tulijua sasa tuko wapi. Akaanza kupika mahamri na mbaazi za kuuza asubuhi, matumizi yakapunguzwa, na Baba akaacha kukopa ili kutupendeza. Mshahara ulilipwa baadaye, ingawa si wote. Mara nyingi hufikiri, lau nisingesema langu, Baba naye asingesema lake, nasi tungeendelea kutumiana habari njema huku deni likikua.

Shuleni niliwaeleza wenzangu hesabu ya kweli. Wengi walicheka, wengine walisema tumeshamaliza kazi yetu. Watano tulirudi. Safari hii simu ilitufaa: tulisoma habari za Gazi, Kwale, ambako wanakijiji hulinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, na huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, mapato yakisaidia maji na shule. Tulielewa kuwa kupanda ni kazi ya asubuhi moja, na kulea ni kazi ya miaka.

Masika yaliyofuata tulipanda mbegu 40 za mkoko, zile ndefu kama bakora, nyuma ya mililana kama alivyoagiza Bibi. Kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, wakati wa bamvua maji yanapokupwa mbali, hushuka kuokota plastiki na kuhesabu. Yaliyong'oka tunayaandika, na picha tunapiga kutoka jiwe lile lile. Leo hii, katika ile 40 imebaki 27, na ile 11 ya mwanzo imebaki 9. Msitu bado.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa aliye na mche mkononi aupande, hata kama anaona Kiyama kimefika. Zamani nilidhani mafunzo hayo yanahusu kupanda tu. Sasa naona yanahusu pia mtu asiyengoja kusifiwa, kwani siku hiyo hakuna atakayebaki kumpiga picha.

Ijumaa iliyopita nilimtumia Baba picha mpya: mche mmoja uliopinda kidogo, wenye majani manne, na pembeni yake chupa ya plastiki niliyokuwa sijaiokota. Amesema ameiondoa ile ya wasichana 20 kwenye simu yake na kuiweka hii.

Nawaombeni dua kwa mitihani yangu, na kwa kila mzazi aliye mbali na wanawe.

Wassalaam alaykum.