Keki ya Jikoni Kwetu



Katika parokia zetu, sikukuu za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara huandaliwa kwa muda mrefu. Watoto huhudhuria mafundisho kwa miezi mingi, makatekista huwahoji, na wazazi huhangaika kutafuta nguo nyeupe na mishumaa. Lakini siku inapokaribia, swali moja hutangulia mengine yote katika nyumba zetu, kuanzia Moshi mjini hadi migombani kule juu: keki itatoka wapi? Juma hili tunapenda tuketi na swali hilo kwa utulivu, kwa maana si dogo kama linavyoonekana.

Keki ni mgeni aliyepokelewa vizuri katika mlima huu. Wazee wetu walisherehekea kwa mbege, iliyopikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na iliyohitaji siku kadhaa za kazi na uvumilivu kabla ya kunyweka. Walisherehekea pia kwa nyama, na hasa kwa ndafu, yule mbuzi mnene abanikwaye mzima. Hadi leo, katika harusi na sherehe za kumuaga binti, ndafu huingizwa ukumbini kwa nyimbo na vigelegele, amevishwa nyanya, karoti, matango na majani mabichi, na mdomoni amewekewa majani kana kwamba angali malishoni. Washereheshaji humwita keki ya Kichagga, na watu hucheka, lakini ndani ya utani huo mna ukweli. Kupamba chakula ili kumheshimu mtu si jambo tulilojifunza kwa wageni. Sukari ni mpya. Heshima ni ya zamani.

Weupe wa keki nao una historia yake. Malkia Victoria wa Uingereza alipofunga ndoa mwaka 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa karibu pauni 300, yaani kama kilo 136, na ilifunikwa kwa sukari nyeupe. Nyakati hizo sukari iliyosafishwa ilikuwa ghali, na kadiri keki ilivyokuwa nyeupe ndivyo wageni walivyojua kwamba mwenye nyumba ni tajiri. Leo sukari inatengenezwa hapa hapa, katika mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini, na mjane wa kijijini anaweza kununua robo kilo dukani. Weupe umeshuka bei. Kiburi chake, kwa bahati mbaya, bado hakijashuka.

Wapo wanaosimulia hata sasa kwamba malkia huyohuyo alimpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima wetu kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tu. Mgawanyo huo ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Hata hivyo hadithi hiyo yatufaa, kwa kuwa inatuonyesha aina ya zawadi tusiyopaswa kuitamani: kubwa, ya kusimuliwa, na isiyomtoa mtoaji hata tone moja la jasho.

Tuitazame basi ile nyingine, keki ya jikoni kwetu. Nyumba nyingi za mlimani hazina oveni. Mama huweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, huuacha upate moto juu ya jiko la mkaa, kisha huteremsha ndani yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko: unga wa ngano, sukari, siagi, mayai ya kienyeji yanayoipa keki rangi ya manjano, na maziwa ya ng'ombe wa zizini. Hufunika, na juu ya mfuniko hupanga makaa machache, ili moto utoke chini na juu. Tena huketi hapo, kwa sababu jiko la mkaa halina saa wala namba. Kipimo chake ni pua na jicho.

Mlima nao una masharti yake. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lakini vijiji vya juu hupita mita 1,500. Huko hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Gesi inayotokana na bekingi pauda hupanuka kwa haraka zaidi, keki huumuka upesi kabla haijakomaa ndani, kisha hubonyea katikati. Wengi wa mama zetu hudhani wamekosea, kumbe wamefuata vipimo vilivyoandikwa na watu wa pwani au wa nchi za tambarare. Dawa ni kupunguza kidogo bekingi pauda na sukari, na kuongeza maziwa kidogo. Tunaliandika jambo hili kwa faida ya wapishi, na pia kwa faida ya roho zetu sote: kinachoinuka haraka kuliko kinavyokomaa hakidumu.

Likija suala la mapambo, sharti la kwanza ni subira. Keki ya moto haipakwi aisingi. Sukari huyeyuka na kuteleza, na kazi yote huharibika. Iache ipoe kabisa. Krimu ipakwe mwishoni, karibu na saa ya sherehe, maana joto la mchana haliihurumii. Rangi si lazima itoke kwenye chupa: maji ya bitiruti hutoa waridi, na nazi iliyokunwa hufanya theluji ya Kibo ambayo watoto huifurahia sana. Karanga zilizokaangwa, vipande vya ndizi mbivu na mbegu za pasheni ni mapambo yanayopatikana katika kihamba au kwa jirani. Maua yatumiwe kwa uangalifu, kwa sababu mengi ya bustanini yana sumu, na uzuri wake si ushahidi kwamba yanalika. Na ute wa yai mbichi usipewe watoto wadogo, wagonjwa wala mama wajawazito.

Kwa nini tunayataja haya yote katika tafakari? Kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia katika nyumba moja ya mlimani, ambayo hatutaitaja. Bibi alikuwa amewalea wajukuu wawili tangu wangali wachanga, na mmoja wao alipokea Komunyo ya Kwanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo bibi alipika keki kwenye sufuria, kama tulivyoeleza. Aliipamba kwa nazi na karanga, na katikati akaandika herufi ya kwanza ya jina la mtoto kwa aisingi aliyoikamulia mfuko wa plastiki uliokatwa ncha. Herufi ilipinda kidogo. Asubuhi mwanawe aliwasili kutoka mjini na keki ya ghorofa tatu. Alipoiona ile ya mama yake alisema, kwa sauti iliyosikika hadi barazani, kwamba ibaki jikoni, isije ikawaaibisha mbele ya wageni.

Bibi hakujibu. Aliifunika kwa kitambaa.

Sala ya mezani ilisomwa, kisu kikatwaliwa, picha zikapigwa. Ndipo ikajulikana kwamba ghorofa mbili za chini zilikuwa maboksi yaliyopakwa sukari. Hilo halikuwa udanganyifu. Ndivyo keki nyingi za maonyesho zinavyotengenezwa, na aliyeinunua alijua. Ghorofa moja iliyokuwa keki kweli iliwatosha wakubwa waliokaa mbele. Watoto, ambao walikuwa zaidi ya thelathini, walibaki wameshika sahani tupu, na yule aliyepokea Komunyo alikuwa miongoni mwao, kwani alikwisha kulisha wengine kipande chake. Mtoto huyo hakumwuliza mtu. Aliingia jikoni na kutoka na keki ya bibi yake mikononi, kitambaa kikiwa bado juu yake. Kila mtoto alipata kipande. Hatukusikia kama mwana alimwomba mama yake msamaha, wala hatukuliona jani la sale, ambalo kwa desturi yetu humtangulia mtu anayetaka amani. Tulimwona tu akirudi kwa mama yake na sahani mara ya pili.

Wapendwa, hatusemi kwamba keki ya dukani ni dhambi. Wapo vijana wetu, wengi wao akina dada, wanaojipatia riziki halali kwa kuoka na kupamba, na kazi yao ni sanaa inayostahili malipo mema. Anayeweza kuwaungisha, awaungishe. Tunalosema ni kwamba kipo kipimo kingine kisichopimwa kwa ghorofa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme tunasoma habari za mjane wa Sarepta, aliyekuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, akaoka kwanza mkate mdogo kwa ajili ya Eliya. Katika Mwanzo, Sara anakanda unga kwa haraka kwa ajili ya wageni watatu chini ya mialoni ya Mamre. Maandiko hayasemi mikate ile ilifananaje. Yanasema ni nani aliyeioka, na kwa ajili ya nani.

Jambo zito zaidi ni hili. Wapo wazazi wanaochelewesha ubatizo wa watoto wao, si kwa kukosa imani, bali kwa kukosa keki. Husema: tusubiri Desemba, ndugu warudi kutoka Dar es Salaam, tujipange. Desemba hupita, na nyingine, mtoto anaanza kutembea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe watoto wanabatizwa katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Hakuna kanuni inayotaja ukumbi, mshereheshaji, wala krimu. Mtoto aliyebatizwa leo na kusherehekewa kwa chai na maandazi hajapungukiwa kitu. Mtoto anayesubirishwa kwa ajili ya karamu amepungukiwa.

Tena wapo wanaokopa VICOBA ili siku moja ipendeze. Wageni huondoka na Januari hufika; sare na madaftari hubisha hodi, pamoja na ada kwa walio katika shule za binafsi, na aliyekuwa ameketi mbele ya keki ya ghorofa tatu hukosa kalamu. Tunawaomba wazazi waliangalie jambo hili pamoja, baba na mama, kabla ya kadi za mialiko kuchapwa. Na sisi wageni tuwasaidie kwa kutosema maneno yale ya barabarani tunaporudi makwetu: wametupa nini, hata keki haikuwapo. Madeni mengi ya majirani zetu yalizaliwa kwa hofu ya ndimi zetu.

Tungependa kupendekeza jambo dogo kwa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Mnapokuwa na mtoto wa kubatizwa au wa Komunyo, mama mmoja alete unga, mwingine mayai, mwingine mkaa, na mwenye mkono mwepesi apambe. Waiteni watoto, wasichana kwa wavulana, washike kijiko, wachafuke mikono, waandike herufi zilizopinda. Mtoto aliyeshiriki kupamba keki ya mdogo wake amejifunza kumfurahia mwenzake, na hilo ni somo gumu kuliko mengi ya darasani. Na keki ikishakatwa, kipande kimoja kifungwe vizuri kipelekwe kwa mgonjwa aliyeshindwa kuja, au kwa mzee anayeishi peke yake kule mwisho wa njia. Keki isiyotoka nje ya ua bado haijamaliza kazi yake.

Juma hili, basi, kila mmoja wetu amkumbuke mtu aliyewahi kumpikia kitu kwa mikono yake. Kama angali hai, amtembelee au ampigie simu amwambie asante. Wengi wao hawajawahi kulisikia neno hilo kwa ajili ya kazi ya jikoni. Kama ametangulia mbele ya haki, jina lake litajwe katika sala ya jioni nyumbani. Na wazazi wenye watoto ambao bado hawajabatizwa, ofisi ya parokia iko wazi. Njooni na mtoto. Mengine tutayapanga pamoja.

Tunawatakia nyote Dominika njema na meza zenye amani.