Mtoto Asiyetulia, Ujiji na Reading

Waulize kina mama wa Ujiji, Kigoma, kuhusu mtoto asiyetulia, hawatakuanzia na shule. Watakuanzia na ziwa. Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, kama mita 1,470, na mtoto anayekurupuka kabla ya kufikiri hahitaji hata kufika huko kwenye kina.

Mdogo wangu anaanika dagaa mwaloni Kibirizi. Mwanawe ana miaka minane, na siku za kazi humvalisha fulana nyekundu ili aonekane kwa mbali. Anageuza dagaa kwenye chanja, anainua kichwa kuitafuta ile fulana. Anageuza tena, anainua tena. Mvua ikimkuta hajaanua, hasara ni yake. Jioni anarudi nyumbani kuambiwa na mawifi kwamba hajui kulea.

Mimi naishi Reading, Uingereza, na wangu ana hali hiyohiyo. Hofu yangu ni barua ya kumsimamisha shule. Huku wanaiita ADHD, na inakadiriwa kwamba watoto watano hivi katika kila mia duniani wanayo. Mtoto anashindwa kutuliza akili na mwili kuliko wenzake wa rika lake. Ubongo wake ndivyo ulivyokua, na mara nyingi hali hii hutembea katika ukoo. Si malezi mabaya.

Huku neno la mama linasikilizwa, ila halitoshi. Daktari aliniuliza ilianza lini, analala vipi, na je, shuleni naye yuko hivyo? Mwalimu akajaza fomu yake, nami yangu, kwa sababu lazima dalili zionekane zaidi ya mahali pamoja. Halafu foleni. Kuna watoto Uingereza wanaosubiri zaidi ya miaka miwili kuonwa na mtaalamu, na mama anayesubiri hivyo hulia peke yake chumbani. Dawa nazo si mwisho wa safari: wangu hupoteza hamu ya kula mchana, kwa hiyo nampa uji mzito na mayai kabla hajameza kidonge, na kila miezi sita wanampima urefu, uzito, mapigo ya moyo na presha. Mwaka 2023 dawa hizo ziliadimika nchi nzima, tukawa tunapiga simu famasi moja baada ya nyingine.

Mdogo wangu alipompeleka wake kituo cha afya, walimpima malaria na minyoo, wakasema ataacha akikua. Akaenda kwa ustadhi. Mtoto akasomewa dua, akanyweshwa kombe. Wenzangu wa huku husikia hilo wakasema ni ujinga, nami nakataa kabisa. Ustadhi alimkaribisha mdogo wangu, akamsikiliza mpaka akamaliza, hakumlaumu. Mama aliyelaumiwa na ukoo mzima atakwenda pale anaposikilizwa. Dua ibaki, kinachokosekana ni mhudumu wa afya mwenye masikio kama yale.

Tena Ujiji ina kitu ambacho Reading sikipati. Mtoto akipotea sokoni, mama yeyote atamshika mkono na kumuuliza ni wa nani. Huku jirani akimwona barabarani anapiga simu kwa wahusika.

Linaloniuma zaidi ni fimbo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Lakini mtoto mwenye hali hii anachapwa leo kwa kusahau daftari, na kesho anasahau tena kwa sababu kusahau ndiyo hali yenyewe. Kiboko hakimfundishi kukumbuka. Kinamfundisha kuichukia shule.

Wengi huniambia tatizo la nyumbani ni dawa. Ni kweli ziko mbali. Shirika la Afya Duniani lilikataa mwaka 2019, na tena 2021, kuiingiza methylphenidate, mojawapo ya dawa za ADHD, katika orodha yake ya dawa muhimu, na safari ya kutoka Kigoma kwenda Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni kilomita zipatazo 1,250 kwa reli. Lakini mwongozo wa Uingereza wa 2018, kwa mtoto chini ya miaka mitano, hauanzi na dawa. Unaanza na kumfundisha mzazi: agizo moja kwa wakati mmoja, sifa ikitolewa palepale, ratiba isiyobadilikabadilika. Hayo hayahitaji famasi. Dodoso la SDQ, la kuchunguza tabia za mtoto, lina maswali 25 tu, na limekwisha kutumika kwa wanafunzi wa Tanzania kwa Kiswahili. Chuo cha Patandi kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Kigoma inaweza kuanza na hayo, na ianze sasa.

Mama unayesoma ukiwa Mwanga, Gungu au Katonga: andika kwa wiki mbili mwanao anafanya nini na saa ngapi, mwombe mwalimu naye aandike, kisha nenda Hospitali ya Rufaa ya Maweni ukaulizie huduma ya afya ya akili. Usikubali kurudishwa na jibu la minyoo peke yake. Nanyi mlio huku ng'ambo, mnapotuma hela ya bati na saruji, ongezeni nauli ya mama huyo.