Plagi Nne

Mama alinipa wiki moja: Beetle ya marehemu baba iwake, au iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Niliweka tasnifu kando, nikaingia Gerezani. Kila duka lilinipa plagi za kisasa, hesi zake milimita 19. Injini ile inataka 12.7, ikizidi, pistoni inaweza kuigonga.

Siku ya tano, mzee mmoja alifungua kopo la Blue Band. "Zimebaki nne, mwanangu. Hakuna aliyeziulizia siku nyingi."

Nilipima mwanya, milimita 0.6, nikazifunga kwa mkono kwanza, kisha kwa spana. Gari likakohoa, likanguruma.

Mama alitoka jikoni, mikono ina unga, akaenda moja kwa moja kufungua geti. Ndipo akakumbuka.

Habari ya vyuma chakavu hatujaizungumza tena.