Beki wa Mpira wa Magongo

Wengi wenu mmetuona saa za jioni nyuma ya mabweni tukikimbizana na magongo yaliyopinda ncha, na wengine mmetuuliza kama twawinda panya. Ule ni mpira wa magongo. Wachezaji ni kumi na mmoja kila upande, kama kandanda. Mpira wake ni mgumu kama jiwe, uzito wake wapata gramu 160, nao hupigwa kwa upande mmoja tu wa gongo, ule ulio bapa. Bao halihesabiwi mpaka mpira upigwe ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya goli. Mimi hucheza beki, basi kazi yangu ni kuilinda nusu duara hiyo. Jina la mchezo lina taabu zake: likizo iliyopita, nyumbani Kirumba, nilimwambia shangazi kwamba shuleni nimeingia katika magongo, naye akadhani nasema ile pombe. Ilinichukua muda kumtuliza.

Mwalimu anayetufundisha ndiye aliyenitajia kwanza jina la Avtar Singh Sohal wa Kenya. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1938, akaanza kuichezea nchi yake mwaka 1957. Hesabu, ndugu msomaji: alikuwa na miaka kumi na tisa, yaani alinizidi mimi wa leo miaka miwili tu. Alicheza katika Olimpiki nne, Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico City 1968 na Munich 1972, na katika hizo tatu za mwisho yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Huko Tokyo, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru wake, ilishika nafasi ya sita. Katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971, ikawa ya nne, baada ya kufungwa na India 2-1 katika muda wa nyongeza walipokuwa wakigombea nafasi ya tatu. Sohal alipoacha mwaka 1972 alikuwa amecheza michezo ya kimataifa 167, na hiyo ikawa rekodi ya dunia.

Naye alikuwa beki! Jambo hili lilinifurahisha kuliko Olimpiki zote nne. Mfungaji hubebwa mabegani; beki hukumbukwa siku alipopitwa.

Nilipomsimulia mjomba habari hizi, siku tuliyokuwa Mwaloni tukimsaidia mama kupanga magunia ya dagaa, alicheka. Alisema huo ni mchezo wa Wahindi. Kisha akaniuliza kama mwalimu wetu ametusimulia pia habari za Moscow.

Ametusimulia. Mwaka 1980 mataifa mengi yalikataa kwenda katika Olimpiki ya Moscow kwa sababu majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan. Nafasi zikabaki wazi, na timu ya wanaume ya Tanzania ikaenda. Timu zilikuwa sita tu. India ilitufunga mabao 18 kwa 0. Mchezo wa siku hizo ulikuwa wa dakika 70, basi ni kusema kwamba kila dakika nne hazijatimia, kipa wetu alikuwa akiutoa mpira wavuni. Hispania ilitufunga 12, Warusi 11. Tulimaliza wa sita katika sita.

Mjomba hulitaja lile 18 kama kichekesho. Mimi, kwa kuwa nacheza beki, siwezi kulicheka. Nimeyafikiria mabao yale kitandani, moja moja, nikijiuliza mabeki wale walikuwa wakitazamana vipi baada ya bao la kumi. Tena watu husahau yaliyobaki. Warusi tuliwafunga mabao 2, na hao ndio waliopata medali ya shaba. Mchezo wa mwisho Cuba ilitushinda 4-1 tu. India iliyotufunga 18 ndiyo iliyochukua dhahabu. Na juu ya huo uitwao mchezo wa Wahindi, katika timu ile mlikuwa na kina Mendes, Furtado na Virdee, na mlikuwa na kina Sykes, Rajab na Toto. Walifungwa pamoja, wote wakiwa Watanzania.

Kwa maoni yangu tofauti ya Sohal na mabeki wetu haikuwa ya damu. Sohal alikuwa na watu wa kucheza nao. Nairobi palikuwa na vyama kama Sikh Union vilivyoshindana mwaka hata mwaka, na timu za India na Pakistani zilikuja Afrika Mashariki kucheza. Mtu akicheza mara 167 hujua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa. Sisi hapa shuleni tangu mwaka jana tumekutana na timu nyingine mara mbili, na magongo ya kweli tunayo saba. Mengine twachonga kwa mti wa mpera. Hata Kenya yenyewe ilikuja kudhoofika. Tangu Montreal mwaka 1976 mchezo wa Olimpiki huchezwa juu ya nyasi bandia, ambazo ni ghali mno, na wachezaji wengi wa Nairobi walihamia nchi za ng'ambo. Wanaume wa Kenya walicheza Olimpiki mara ya mwisho Seoul mwaka 1988.

Mwezi wa Novemba nitafanya mtihani wa Kidato cha Nne, na baada ya hapo sitakuwa na timu. Nilimwambia mama kwamba nataka kuendelea na mchezo huu, hata ikinibidi kutafuta timu Dar es Salaam. Mama hakucheka kama mjomba. Aliuliza, “Huyo Singh wako, mchezo ulimlisha?” Nikamjibu kweli, kwamba Olimpiki za wakati ule zilikuwa za watu wasiolipwa. Akanyamaza, akaendelea kupepeta dagaa. Baadaye akaniuliza gongo moja la kweli ni bei gani. Nilipomtajia, alitazama magunia yaliyokuwa mbele yake, akaanza kuhesabu kwa vidole.