Nilimhukumu Mdogo Wangu kwa Jedwali la Bei

Februari 2024 nilimwita mdogo wangu mwizi. Neno lenyewe sikuliandika, lakini kila aliyesoma alilielewa. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambamo wamo baba wadogo, shangazi, binamu na wakwe, niliandika hivi kuhusu fedha za matumizi ya mama nilizokuwa namtumia: “Pauni 60 kwa mwezi ni fedha nyingi kwa Tanga. Naomba nielezwe zinakwenda wapi.” Chini yake nikabandika jedwali nililolitengeneza mwenyewe, lenye bei za vyakula saba, Leicester upande mmoja na Tanga upande wa pili. Nikamalizia kwa kutangaza kwamba kuanzia mwezi ule nitatuma pauni 40.

Mdogo wangu hakujibu. Baba mdogo mmoja alinisifu kwa kusimamia mambo ya nyumbani. Nikalala nikijiona mtoto mwema anayetetea haki ya mama yake. Leo naungama kwamba jedwali lile lilikuwa na makosa, na niliyemwaibisha nalo hakuwa na kosa lolote.

Nianze na jinsi nilivyolitengeneza. Bei za Leicester nilizijua, maana ndiko ninakoishi na kununua. Bei za Tanga nilizipata kwa njia mbili. Nyingine niliziokota kwenye intaneti bila kuuliza ni za duka gani wala za mwezi gani. Zilizobaki nilizitoa kichwani. Niliondoka Tanzania mwaka 2016, wakati Serikali imetangaza kwamba kilo ya sukari iuzwe shilingi 1,800. Nikaiandika hiyo 1,800, miaka minane baadaye, na hali nakumbuka vizuri kwamba hata mwaka ule sukari iliadimika na wengi wetu hatukuipata kwa bei hiyo.

Kwenye mchele nilifanya vibaya zaidi. Upande wa Leicester niliweka basmati, kwa kuwa ndio ninaoula. Upande wa Tanga niliweka mchele wa bei ya chini kabisa. Laiti ningeweka wa chini kwa wa chini, ningeona kwamba ule wa Leicester haufiki hata pauni moja kwa kilo, na kwamba ukiugeuza kwa shilingi, ule wa Tanga ndio ulio ghali zaidi. Sikutaka kuliona hilo. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Tanga ni rahisi, nikatafuta bei za kunishuhudia.

Na kuna mambo ambayo jedwali halikuwa na mstari wake kabisa: mkaa, maji, nauli ya kwenda soko la Mgandini na kurudi na mzigo, makato ya wakala wakati wa kutoa fedha. Pauni 60 zilikuwa kama shilingi 190,000 siku zile. Nyumbani kuna watu wanne: mama, mdogo wangu na wanawe wawili. Ukigawa kwa siku 30 unapata shilingi 6,000 na kitu, za asubuhi, mchana na usiku. Hesabu hiyo ni ya mtoto wa darasa la tatu, nami sikuifanya.

Mwezi wa Machi ukaingia Ramadhani. Mvua za El Niño zilikuwa zimevuruga uvunaji wa miwa, sukari ikawa adimu nchini, na bei ya dukani ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Wakati huohuo mimi Leicester nilikuwa nanunua kilo kwa pauni moja na peni kumi hivi, yaani kama 3,500. Mama alinidokeza kwenye simu kwamba amepunguza sukari kwenye uji na chai. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ni kwa ajili ya afya, mwanangu. Nikafurahi. Nikamwambia anafanya vizuri.

Baada ya Idi nilipata likizo nikaenda nyumbani. Jioni moja nilitoka kununua vocha kwenye duka la jirani. Mwenye duka alinisalimia kwa heshima, akaniuliza hali ya ughaibuni, kisha kwa sauti ya chini akaniuliza kama ningependa kupunguza lile deni. Sikuelewa. Akafungua daftari. Ukurasa mzima ulikuwa wa mdogo wangu, kuanzia Februari: sukari robo, mafuta ya kupima, unga kilo, sabuni, sukari robo, sukari robo. Robo ilikuwa 1,200, kwa hiyo kilo nzima alikuwa anaipata kwa 4,800, na hiyo ndiyo bei ya asiye na fedha ya kununua kilo kwa mkupuo. Jumla ilikuwa shilingi 87,000. Pembeni mwenye duka alikuwa ameandika alichokwisha kupokea, elfu mbili leo, elfu tatu wiki ijayo. Ilikuwa fedha ya cherehani. Mdogo wangu alikuwa anashona usiku ili kuziba pengo nililolitoboa mimi.

Nililipa lote. Nilirudi nyumbani nikamkuta anapepeta mchele, na nilishindwa kusema neno mpaka asubuhi.

Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu jambo nililodhani nalijua. Kumbe kulinganisha bei za nchi na nchi ni kazi nzito inayowashughulisha wataalamu miaka mingi. Upo mpango wa kimataifa wa kazi hiyo ulioanza mwaka 1968, na sasa unaratibiwa na Benki ya Dunia. Kabla ya kuandika bei yoyote, wapimaji wake huhakikisha kwamba bidhaa ni ya aina ile ile, ubora ule ule na ujazo ule ule. Hilo tu lingeniokoa kwenye mchele.

Lakini lililonichoma ni jingine. Mwaka 1964 wachumi wawili, Bela Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwa nini nchi maskini huonekana rahisi kwa mgeni mwenye fedha za nje. Sukari, mafuta na ngano huvuka mipaka, kwa hiyo bei zake haziachani sana. Kinachokuwa rahisi ni kazi ya mikono: kusuka nywele, kushona gauni, kupika, kubeba mzigo. Yaani Tanga ninayoiona rahisi ninaposhuka na pauni zangu, urahisi wake unatokana na jasho la watu kulipwa kidogo. Na jasho la kwanza lilikuwa la mdogo wangu. Anakwenda sokoni, anapika, anafua, anampeleka mama hospitali. Kwenye jedwali langu hayo yote hayakuwa na bei, kwa kuwa sikuwahi kumlipa.

Siku hizi bei naipima kwa saa za kazi. Ghalani nilikokuwa nafanya kazi, kima cha chini kilikuwa pauni 10.42 kwa saa, na saa moja ilininunulia zaidi ya kilo tisa za sukari. Kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani Tanzania wakati huo kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, ambayo kwa siku 26 za kazi ni kama 5,400 kwa siku. Kilo moja ya sukari ya shilingi 4,000 ilimla mtu huyo karibu robo tatu ya siku juani. Ningetumia kipimo hiki Februari, nisingethubutu kuandika nilichoandika.

Asubuhi ile Tanga nilimwomba mdogo wangu radhi, mimi na yeye tu, barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kaka, mimi nimekusamehe. Lakini wao bado wanajua nimekula fedha ya mama.” Alisema kweli. Nilimvunjia heshima hadharani, kisha nikataka kumrudishia faraghani.

Kwa hiyo nimeandika upya kwenye kundi lile lile, mbele ya wale wale, na nayaandika hapa pia. Mdogo wangu hakula hata senti ya mama. Aliongeza zake. Nimerudisha pauni 60 na kuongeza nyingine, zake mwenyewe, ambazo haulizwi na mtu. Usiku aliokesha kwenye cherehani siwezi kuurudisha, wala uji alioukoroga mama bila sukari na kuniambia ni wa afya.

Nikipiga simu sasa siulizi tena sukari ni bei gani. Nauliza imebaki kiasi gani.